Sikusahau kidonge: barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya yetu

Kwa: Mganga Mkuu wa Wilaya
Nakala: Mratibu wa Kifua Kikuu na Ukoma, Mratibu wa Afya ya Uzazi na Mtoto, Mfamasia wa Wilaya

YAH: WANAWAKE WANAOPATA MIMBA WAKIWA KWENYE VIDONGE VYA MAJIRA

Ndugu Mganga Mkuu,

Rejea kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi cherehani, mama wa watoto wanne, mkazi wa wilaya yako. Jina la wilaya silitaji, wala la kituo cha afya, maana sitaki muuguzi mmoja wa zamu abebeshwe mzigo wa ofisi nzima. Barua zangu unazo, na ninakotoka unakujua.

Hii ni ya nne. Ya kwanza niliitumbukiza kwenye sanduku la maoni Februari 2024. Baadaye mlinzi alininong'oneza kwamba ufunguo wa kufuli la sanduku lile ulishapotea zamani. Ya pili nilimkabidhi mganga mfawidhi mkononi, akasema, "Nimekusikia mama, tutalifanyia kazi." Ya tatu niliileta ofisini kwako mwezi Mei, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala yake ninayo. Tangu hapo nimefuatilia mara mbili. Mara ya kwanza ulikuwa semina. Mara ya pili karani alinishauri nije na kadi yangu ya uzazi wa mpango, "ili waone kama ulikuwa unameza vizuri." Siku hiyo nilirudi nyumbani kwa miguu, nauli ninayo mfukoni, kwa hasira tu.

Nilikuwa nameza vizuri, Ndugu Mganga Mkuu. Nilitumia vidonge vya majira miaka mitano. Pakiti ilikaa kwenye droo ya cherehani, pamoja na bobini na chaki, kwa sababu siku yangu haianzi bila kuifungua ile droo. Kila asubuhi kabla sijatunga uzi natoa kimoja, nakimeza na chai.

Februari 2023 nilikohoa wiki tatu, usiku shuka linalowa jasho. Nikapima makohozi, nikakutwa na kifua kikuu. Nilianzishiwa dawa bila kucheleweshwa wala kudaiwa hata shilingi, na kwa hilo nawashukuru hadharani vilevile. Siku hiyo niliulizwa maswali mengi. Nilipimwa uzito, kilo 47. Nilipimwa virusi vya UKIMWI. Niliulizwa kama nakunywa pombe, kama nina sukari, nani atanisimamia kumeza dawa, na nalala na nani chumba kimoja. Nikajibu nalala na mume wangu na mtoto mdogo. Wakaandika, watoto wakaitwa kuchunguzwa. Kwamba mwanamke wa miaka 34 anayelala na mumewe huenda anatumia njia ya uzazi wa mpango, hilo halikumjia mtu. Nikatoka na vidonge 3 vya kila asubuhi, na onyo kwamba mkojo utabadilika rangi nisishtuke.

Chumba cha TB ni namba 3. Chumba cha uzazi wa mpango ni namba 7. Katikati kuna benchi moja la mbao na ndoo ya kunawia mikono. Mwezi uleule nilitoka namba 3, nikakaa kwenye benchi lile, nikaingia namba 7 kuchukua pakiti zangu, kadi zote mbili nimezishika mkono mmoja.

Machi nilianza kuona matone katikati ya mwezi. Aprili hivyohivyo. Nilipouliza namba 7 nikaambiwa ni kawaida, mwili unazoea. Unazoea nini, baada ya miaka mitano? Mei, siku za vidonge vya kahawia, zile za kuona hedhi, zilipofika, sikuona kitu. Nikadhani ni udhaifu wa ugonjwa. Juni nikapima. Binti wa maabara aliutazama mara mbili ule mkojo wangu wa rangi ya chungwa, akachovya kipimo, ikatoka mistari miwili.

Mtoto alizaliwa Januari 2024, mzima, na anapendwa na nyumba nzima. Simlalamikii yeye. Dawa za TB nilizimeza hadi siku ya mwisho nikiwa mjamzito, kwa kuwa nilielezwa kwamba dawa zile za kawaida hutolewa hata kwa mjamzito, na kwamba TB isiyotibiwa ndiyo hatari kwa mama na kwa mtoto. Ninachokilalamikia ni kupata mimba nina kilo 47, nakohoa, cherehani imelala, huku kila asubuhi nikimeza kidonge nilichoaminishwa kwamba kinanilinda.

Aliyenifumbua macho ni daktari mmoja kijana wa hospitali ya rufaa, kliniki ya wajawazito. Alitazama kadi zangu mbili kwa dakika moja hivi, akasema, "Mama, hivi viwili havikupaswa kwenda pamoja." Dakika moja. Hoja zangu ni hizi.

1. Rifampicin na vidonge vya majira. Rifampicin imo ndani ya vidonge vya TB miezi yote sita: miwili ya mwanzo pamoja na dawa nyingine tatu, minne inayofuata pamoja na isoniazid. Inalisukuma ini lifanye kazi kwa kasi kuliko kawaida, nalo huzivunja homoni za kidonge cha majira kabla hazijamaliza kazi yake. Mimi naielewa kwa lugha ya kazi yangu: ukikanyaga pedali kwa nguvu uzi unaisha kwenye bobini, sindano inaendelea kupanda na kushuka na kitambaa kinapita, lakini hakuna kinachoshonwa. Na ukimaliza dawa ini halitulii siku hiyohiyo, linachukua kama wiki nne zaidi.

Hili si jambo la kubahatisha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaziweka njia za uzazi wa mpango kwenye makundi manne kulingana na hali ya mtumiaji. Vidonge vya majira kwa anayetumia rifampicin viko kundi la 3, maana yake kwa kawaida visitumike ila kama njia nyingine inayofaa haipo. Sindano ya miezi mitatu iko kundi la 1, haina shida. Kitanzi cha shaba hakina homoni, kwa hiyo rifampicin haina la kukifanya. Ina maana siku ile Februari jibu lilikuwepo ndani ya jengo lilelile. Sindano ilikuwa chumba namba 7.

Kuna jambo moja linaniudhi kuliko yote. Mgonjwa wa TB anayetumia dolutegravir kwa ajili ya virusi vya UKIMWI huongezewa kidonge cha pili baada ya saa 12, sababu ikiwa rifampicin hiihii. Kwa hiyo kituo kinaijua tabia ya dawa hii. Upande wa ARV wameiwekea utaratibu, tena mzuri. Upande wa mwanamke anayepanga uzazi hakuna aliyejisumbua. Na Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, basi sidhani kama mimi ni wa kwanza kukaa kwenye lile benchi na kadi mbili.

2. Kifafa, ARV na kijiti. Phenobarbital, phenytoin na carbamazepine, dawa za kifafa ambazo familia nyingi hapa wilayani zinazijua kwa majina, nazo zinalisukuma ini namna ileile. Tena hizi hazina mwisho wa miezi sita, mtu anakaa nazo miaka. Msichana anayezitumia akipewa vidonge vya majira bila maelezo, amepewa matumaini tu. Kijiti cha uzazi wa mpango, kile kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono, nacho kinaguswa. Utafiti uliofanyika Uganda na kuchapishwa 2016 uliwafuatilia wanawake 20 waliokuwa na kijiti cha levonorgestrel huku wakitumia efavirenz, dawa ya virusi vya UKIMWI, na ndani ya mwaka mmoja watatu walipata mimba. Mtaniambia efavirenz imeshapungua, sasa ni dolutegravir, ambayo haina ugomvi na njia hizi. Kweli kabisa. Dawa za kifafa je? Nazo zimebadilishwa?

P2 pia, kile kidonge cha dharura cha kuzuia mimba baada ya tendo. Wasichana wanaikimbilia wakidhani inafuta kila kosa, kumbe dawa hizihizi zinaipunguza nguvu.

Na kuna upande wa pili wa jambo hili. Wapo wanawake mtaani wanaacha vidonge vya majira kila wanapoandikiwa amoxicillin kwa ajili ya jino au kikohozi, wakiamini antibayotiki zote zinaua kidonge. Hazifanyi hivyo. Antibayotiki za kawaida hazina tatizo, labda zikutapishe au zikuharishe. Mwanamke anaacha kidonge kwa hofu isiyo na msingi, mwingine anaendelea nacho pale kisipomfaa, na wote wawili wamekaa foleni moja.

3. Kanuni za kidonge kilichosahaulika. Hapa namzungumzia binti ninayemfundisha kushona. Mwaka jana alikwenda msibani Songea, pakiti ikabaki chini ya godoro. Aliondoka Jumanne, akarudi Jumapili. Alikuwa amekosa vidonge vitano, vya wiki ya kwanza. Akaenda duka la dawa, muuzaji akamwambia ameze vyote vitano kwa pamoja "kufidia." Akameza, akatapika usiku kucha, asubuhi akaendelea na kimoja kimoja kama kawaida akijua amefidia. Sasa ana mtoto wa miezi minne. Cherehani aliyojifunzia nimeifunika kitambaa, namsubiri.

Kanuni yenyewe inaenea kwenye kipande cha karatasi kisichozidi risiti. Kwa vidonge vya kawaida vya 28, vile 21 vya mwanzo ndivyo vyenye homoni, na 7 vya kahawia ni madini ya chuma tu. Ukisahau cha kahawia, kitupe uendelee. Ukikosa kimoja au viwili vya homoni, meza mara ukumbukapo, hata kama siku hiyo utameza viwili, kisha endelea. Ukikosa vitatu au zaidi, meza kimoja papo hapo, endelea na kimoja kila siku, na tumia kondomu au jizuie kwa siku 7. Kama vimekosekana wiki ya tatu, maliza vya homoni, usiguse vya kahawia, anza pakiti mpya kesho yake. Kama ni wiki ya kwanza na tendo limeshafanyika ndani ya siku 5, nenda kituoni haraka ukaulize kuhusu kinga ya dharura. Ukitapika ndani ya saa 2 tangu umeze, meza kingine. Kuharisha sana au kutapika zaidi ya siku 2 kunahesabiwa kama kusahau.

Hayo nimeyajua nikiwa na umri wa miaka 35, baada ya pakiti zaidi ya sitini. Nilipoanza niliambiwa: "Meza kila siku, usisahau." Basi. Wengi wetu tunadhani hatari ni kusahau katikati ya pakiti, kumbe pabaya zaidi ni mwanzoni na mwishoni, kwa sababu pale unarefusha zile siku saba ambazo mwili hauna homoni.

4. Pakiti zinazokatika. Zile siku saba zikifika kumi, yai linaweza kupevuka. Sasa fikiria mama amemaliza vya kahawia Jumapili, Jumatatu anafika kituoni anaambiwa, "Zimeisha mama, pita Alhamisi." Hajasahau chochote. Mmemsahaulisha nyinyi. Kuna kipindi tulikuwa tunapewa pakiti tatu, siku nyingine moja, siku nyingine unaambiwa uanze kwanza kupimwa presha na mashine haina betri. Shirika la Afya Duniani linaruhusu mtumiaji kupewa akiba ya hadi mwaka mzima. Mwaka siuombi.

5. Vidonge vya mama anayenyonyesha. Hivi vina homoni aina moja, havina vya kahawia, na vile vya aina ya zamani vikichelewa zaidi ya saa 3 tu vinahesabika vimekosekana. Jirani yangu alivitumia vizuri mpaka mtoto alipoanza uji. Ramadhani ilipoingia akahamisha kidonge kutoka asubuhi kwenda futari, akaona ni jambo dogo. Alikuja kuniuliza mimi, fundi cherehani, kwa nini anasikia kichefuchefu.

Ndugu Mganga Mkuu, majibu mtakayonipa nayajua, maana mengine nimeshapewa mlangoni.

Mtasema hakuna njia yenye uhakika wa asilimia mia. Ni kweli, wala siudai. Lakini takwimu zinazotolewa na Shirika la Afya Duniani zinaonyesha kwamba kati ya wanawake 100 wanaotumia vidonge bila kukosea, anayepata mimba kwa mwaka hafiki hata mmoja; kwa jinsi watu wanavyotumia kweli, wanafika 7. Wale wengine wote wanaoongezeka hapo katikati ndio ninaowaandikia.

Mtasema mama hakusema. Hakuulizwa. Mgonjwa hawezi kujua kwamba dawa ya kifua ina habari na tumbo la uzazi.

Mtasema maelezo yamo kwenye karatasi ya ndani ya pakiti. Yangu nimeihifadhi. Upande mmoja Kiingereza, upande wa pili Kifaransa, herufi ndogo kuliko tundu la sindano namba 11. Mimi natunga uzi kwa riziki na bado sikuweza kuisoma.

Mtasema wagonjwa ni wengi na wauguzi wachache. Hili nalikubali, nimewaona wakila mihogo wamesimama. Lakini kuniuliza nalala na nani chumba kimoja kulichukua muda, na swali lililokosekana lilikuwa fupi kuliko hilo.

Mtasema tukiwaambia dawa zinagongana watakimbia dawa za TB. Mwanamke akielezwa "dawa ya kifua usiache hata siku moja, tunakubadilishia njia ya uzazi tu," atakimbia nini? Anayekimbia ni yule anayekuja kugundua mwenyewe kwamba alifichwa.

Ninayoomba ni haya.

Chumba cha TB, kliniki ya kifafa na CTC, yaani kliniki ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI, waulize kila mwanamke wa umri wa kuzaa, siku ya kwanza: unatumia njia gani ya uzazi wa mpango? Na chumba cha uzazi wa mpango waulize kila anayekuja: kuna dawa nyingine unameza? Jibu liandikwe kwenye kadi, kwa kalamu, si kwa kichwa.

Anayeanzishiwa rifampicin akiwa kwenye vidonge apewe nafasi ya kuhamia sindano au kitanzi siku hiyohiyo, na asiyetaka aelezwe kutumia kondomu mpaka wiki nne baada ya kumaliza. Asilazimishwe. Aelezwe.

Kanuni za kidonge kilichosahaulika zichapwe kwa Kiswahili, herufi za kuonekana, zibandikwe ukutani juu ya lile benchi, na kila pakiti itoke na nakala yake. Mashine ya kutoa kopi ipo ofisini kwako, nimeisikia ikinguruma wakati nasubiri. Karatasi rimu moja nitanunua mimi.

Wauzaji wa maduka ya dawa muhimu waitwe wafundishwe kanuni hizohizo, maana jioni na Jumapili wao ndio kituo chetu.

Pakiti zisitolewe chini ya tatu kwa mara moja, na zikikaribia kuisha tuambiwe mapema, hata kwa tangazo la chaki mlangoni.

Na mwisho, kadi za wanawake waliopata mimba wakiwa kwenye dawa za TB kwa miaka miwili iliyopita zikaguliwe, mje mtuambie kwenye mkutano wa kata ni wangapi walikuwa wakitumia vidonge.

Naomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 30. Fidia siombi. Sitaki muuguzi yeyote ahamishwe; yule wa namba 3 alinipigia simu kila nilipochelewa dawa, na yule wa namba 7 ndiye aliyenizalisha. Mimi sasa nina kitanzi, niko salama. Lakini Jumanne iliyopita nilipita kituoni kumpeleka mtoto chanjo, nikamkuta dada mmoja kwenye benchi, amekonda, kikohozi kinamkata, ameshika kadi mbili. Nikamwambia akiingia ndani azitoe zote kwa pamoja, aziweke mezani.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mama wa watoto wanne, fundi cherehani

Nakala nyingine: Mwenyekiti, Kamati ya Afya ya Kituo, Mheshimiwa Diwani wa Kata, mlango wa duka langu, imebandikwa hapo tangu asubuhi.